Kilo za waja leo waondoka leo: namna ya kusoma mizani ukianza mazoezi

Kila kikundi kipya cha mazoezi kikianza hapa Tanga, wiki ya pili haipiti bila mtu kuja kulalamika. Aliyenichekesha zaidi ni mama mmoja wa Makorora, muuza vitumbua, aliyekuja mkono mmoja kiunoni.

"Kocha, hiyo mizani yenu mbovu. Wiki nzima natoka jasho mpaka fulana naikamua, leo nimezidi kilo moja na nusu!"

"Pole, mama. Miguu inauma?"

"Usiseme. Hata kuchuchumaa siwezi."

"Basi kilo yako iko hapo hapo mapajani."

Alinitazama kama mganga wa kienyeji anayetafuta namna ya kupandisha bei. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mizani ilikuwa nzima kabisa. Katika wiki tatu nne za mwanzo wa mazoezi, kinachopanda na kushuka kwenye mizani kwa sehemu kubwa ni maji, wala si mafuta. Na maji ya mwilini tabia yake ni ile wanayosingiziwa wageni wa mji huu: waja leo waondoka leo. Anayeacha mazoezi kwa sababu ya kilo hizo amejidhulumu, na anayeshangilia kwa sababu yake naye atalia Jumatatu.

Kabla hujaanza, kama una presha, una maumivu ya kifua, una ujauzito, au una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, onana kwanza na mhudumu wa afya. Sukari inaweza kushuka ghafla katikati ya mazoezi, na hata saa kadhaa baada ya kumaliza. Wengine tuendelee.

Hatua ya 1: Chagua mizani moja, usiihame

Leo unapima dukani, kesho kwa yule kijana wa stendi mwenye mashine ya kupima urefu na uzito, keshokutwa kliniki. Hapo unalinganisha mizani na mizani, mwili wako haumo. Chagua moja. Hata ikiwa inazidisha kilo, haina neno, maana itazidisha kila siku vile vile, na wewe unatafuta badiliko tu.

Iweke kwenye sakafu ngumu ya saruji au vigae. Juu ya zulia au mkeka inadanganya. Kama ni ya mshale, hakikisha mshale umesimama kwenye sifuri kabla hujapanda. Kama ni ya betri na inakupa namba tatu tofauti ukipanda mara tatu mfululizo, badilisha betri kwanza ndipo uilaumu.

Hatua ya 2: Asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai

Amka, nenda haja, panda mizani kabla hujala wala kunywa, ukiwa na nguo ile ile nyepesi kila siku. Khanga moja inatosha. Suruali ya jinzi na mkanda wake inakaribia kilo nzima, na nimeona watu wakiihesabu kilo hiyo kuwa kitambi.

Andika namba kwenye daftari au kwenye simu, kisha uondoke. Usiitafsiri. Mwisho wa wiki jumlisha namba zote ugawanye kwa siku ulizopima. Hicho ndicho kipimo chako, wastani wa wiki. Namba ya siku moja peke yake haina maana, kwa sababu mtu mzima mwenye afya anaweza kupanda au kushuka kilo moja, hata mbili, kati ya jana na leo bila kunenepa wala kukonda.

Kama unajijua kwamba namba ya asubuhi inakuharibia siku nzima, pima mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Na kama ulishawahi kuwa na tabia ya kujinyima chakula hadi kuumia, ruka mizani kabisa uende moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 3: Jifunze kilo zinakotoka

Hapa ndipo penye kazi, basi tukae kidogo.

Ya kwanza ni misuli inayouma. Ukianza kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi au kukimbia ilhali mwili haujazoea, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo madogo. Si ugonjwa, ndiyo njia ya misuli kujijenga upya. Lakini penye jeraha mwili hupeleka maji, na maji hayo yana uzito. Maumivu hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya zoezi, na uvimbe huo mdogo huenda sambamba nayo. Ndiyo kilo ya mama wa vitumbua. Baada ya wiki mbili tatu za kurudia zoezi lile lile misuli huzoea, na maji hayo huondoka yenyewe.

Kwa hiyo wanaoanza na baiskeli huona badiliko hili kidogo kuliko wanaoanza na mbio au kuruka kamba. Kinachoumiza misuli zaidi ni kule kujizuia unaposhuka au unapotua, na kwenye pedali jambo hilo halipo sana. (Kwa Tanga nina neno la pembeni. Mji huu ni tambarare na baiskeli zake zinajulikana nchi nzima, lakini mtu anayetoka Nguvumali kwenda mjini na kurudi kwa baiskeli kila siku ukimuuliza kama anafanya mazoezi, atakwambia hana muda. Bwana, hayo ndiyo mazoezi.)

Ya pili ni akiba ya wanga. Ukila wali, ugali, bada au chapati, sehemu ya wanga huwekwa kwenye ini na kwenye misuli kwa jina la glaikojeni, iwe nishati ya haraka. Kwa mtu mzima ini hubeba kiasi cha gramu 100, na misuli yote pamoja gramu 400 hivi. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na maji yapata gramu 3. Piga hesabu: ghala likijaa ni karibu kilo mbili, glaikojeni pamoja na maji yake. Mwenye mazoezi huizoesha misuli kuweka akiba kubwa zaidi, kwa hiyo uzito hupanda kidogo hata akiwa hajala zaidi ya kawaida yake.

Geuza hesabu hiyo upande wa pili utaelewa kwa nini anayeacha wali na ugali ghafla anapoteza kilo mbili ndani ya siku chache na kuanza kuwatangazia watu dawa aliyoipata. Amemwaga ghala. Sahani moja ya pilau ya harusini, pamoja na ile ya kuongezwa, inatosha kuanza kulijaza upya.

Ya tatu ni damu. Mwili ukihisi kwamba sasa kuna joto na kazi kila siku, huongeza sehemu ya maji ya damu ndani ya siku chache tu, ili moyo upate cha kusukuma na ngozi ipate cha kutoa jasho. Ni badiliko jema. Ndilo linalofanya njia iliyokutoa ulimi wiki ya kwanza uimudu wiki ya tatu. Ila nalo mizani inalihesabu.

Ya nne ni chumvi. Samaki mkavu, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mpaka ziking'aa, achari ya embe: ukila hivyo jioni, mwili utashikilia maji mpaka figo zimalize kazi yake. Namba ya kesho asubuhi itakuwa juu.

Ya tano ni tumbo lenyewe. Nusu lita ya maji ukiinywa sasa hivi umeongezeka nusu kilo sasa hivi. Sahani ya ubwabwa na maharage iliyoliwa saa 4 usiku bado imo ndani alfajiri.

Kwa wanawake kuna ya sita. Siku za kukaribia hedhi wengi hushikilia maji, wengine nusu kilo, wengine hata kilo mbili, kisha hushuka hedhi ikishaanza. Dada, wewe usilinganishe wiki hii na iliyopita. Linganisha na wiki kama hii ya mzunguko uliopita.

Hapo utauliza, na misuli mipya je? Kuna wanaojifariji kwamba kilo mbili za wiki ya kwanza ni misuli kwa sababu misuli ni mizito kuliko mafuta. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta uzito ni mmoja, tofauti ni kwamba misuli huchukua nafasi ndogo. Na misuli haijengeki kwa wiki. Inahitaji miezi ya kuinua vitu vizito na kula protini ya kutosha. Wiki ya kwanza hujajenga misuli, umeitia maji tu.

Hatua ya 4: Pima jasho lako, mara moja tu

Fanya jaribio hili siku moja ya kawaida, upate kuujua mwili wako. Jipime ukiwa na nguo kidogo kabisa kabla ya kutoka. Beba chupa ya maji unayojua ujazo wake. Fanya mazoezi saa moja. Ukirudi, jifute jasho vizuri kwa taulo, vua nguo zilizolowa, jipime tena kabla ya kwenda haja ndogo.

Chukua mfano. Ulikuwa 78.6, umerudi 77.9, na njiani umekunywa nusu lita. Umepungua gramu 700, ongeza zile 500 ulizokunywa. Jasho lako ni lita 1.2 kwa saa. Wengi huangukia kati ya nusu lita na lita mbili, kutegemea ukubwa wa mwili, kasi na hali ya hewa.

Na hali ya hewa yetu tunaijua. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na unyevunyevu ukitanda, jasho halikauki, linatiririka tu. Kinachopoza mwili ni jasho linalokauka juu ya ngozi, kwa hiyo la kudondoka chini unalipoteza bila faida, na mwili unazidi kulitoa. Ndiyo maana mbio za saa 11 alfajiri na zile za saa 3 asubuhi zinaweza kukupa namba mbili tofauti kabisa kwa njia ile ile. Miezi hiyo toka mapema, au subiri jua lishuke.

Zile gramu 700 lazima zirudi. Kwa kila kilo uliyopoteza, kunywa polepole lita moja na robo hadi lita moja na nusu ndani ya saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi kidogo. Fulana yako ikikauka na michoro myeupe mgongoni ujue umemwaga chumvi pia. Dafu ni zuri na lina potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo usilitegemee peke yake baada ya mbio ndefu.

Kuna na kosa la upande wa pili. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umekunywa kupita kiasi. Maji mengi kwa pamoja huzimua chumvi ya damu, na mtu anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuchanganyikiwa. Kunywa kwa kiu, usishindane na chupa.

Nije kwenye nailoni. Mtindo wa kujiviringisha nailoni tumboni, au kuvaa koti zito na kukimbia saa 9 alasiri ili "mafuta yayeyuke", uacheni. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwili ukiyachoma, sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80 kwa uzito, hutoka na pumzi ikiwa hewa ya kaboni dioksidi, na iliyobaki huwa maji. Nailoni huzuia jasho kukauka, joto la mwili linapanda, na kwa joto hili la pwani mtu anaweza kuanguka. Kilo uliyoshusha kwa njia hiyo inarudi na chupa mbili za maji. Kwa hili sina upole. Aliyekuja kwangu amejifunga nailoni, nilimwambia aivue au arudi nyumbani.

Hatua ya 5: Hesabu ya mafuta, bila kujidanganya

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 kwa mwendo wa kukaza, karibu saa nzima, anatumia kama kalori 250. Hata zote zingetoka kwenye mafuta, jambo ambalo halitokei, ni gramu 30 na kitu. Ni kama vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kula.

Weka namba mbili hizo pamoja: saa ile ile umetoa jasho gramu mia kadhaa, na mafuta gramu 30. Mizani ya nyumbani inaonyesha gramu 100 kwa 100, kwa hiyo mafuta ya siku moja haiwezi hata kuyaona. Baada ya mwezi ndipo zile thelathini thelathini zinapoanza kuonekana, kama mdomo haukuzirudisha.

Hatua ya 6: Chunga chai ya baada ya mazoezi

Na mdomo huzirudisha upesi sana. Mtu ametembea kilomita zake 5, anarudi kupitia Ngamiani, anakaa kibarazani: mandazi manne, mbaazi za nazi, chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari. "Nimefanya mazoezi bwana, nina haki." Chapati moja ya mafuta inaweza kubeba kalori 250 au zaidi, yaani safari yote ile. Soda ya mililita 350 aghalabu ina sukari gramu 35 na ushee, kalori karibu 150.

Sisemi uache mbaazi. Mbaazi ni chakula cha maana, tena zina protini. Nasema mandazi yawe mawili, sukari kijiko kimoja, na kiu ya mazoezi uikate kwa maji, soda isubiri siku ya shughuli. Machungwa ya Muheza yanapokuwa msimuni, kula chungwa lenyewe badala ya kulikamua juisi, litakushibisha zaidi.

Angalia pia saa zinazobaki za siku. Wapo wanaokimbia alfajiri kisha mchana kutwa hawanyanyuki, hata dukani wanamtuma mtoto. Mazoezi ya saa moja yanaliwa na uvivu wa saa kumi.

Mwezi wa Ramadhani mambo yanabadilika, usiulinganishe na miezi mingine. Jioni kabla ya futari utakuwa mwepesi kwa sababu ya kiu, alfajiri baada ya daku utakuwa mzito kwa sababu ya daku. Ukitaka kuendelea kupima, pima kabla ya daku. Mazoezi yawe mepesi, karibu na magharibi ili maji yasiwe mbali, au baada ya futari chakula kikishatulia.

Hatua ya 7: Tafuta futi ya fundi cherehani

Wakati mizani inacheza na maji, kiuno hakichezi sana. Chukua futi ya fundi cherehani, simama wima, toa pumzi kawaida, zungusha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Futi ikae bila kukaza wala kulegea, na tumbo usilibane. Nimeona watu wazima wakilivuta ndani ilhali wako peke yao chumbani! Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, uandike kando ya wastani wa uzito.

Hatua ya 8: Toa hukumu wiki ya 4

Tuseme wastani wako ulikuwa 82.4 wiki ya kwanza, 82.9 ya pili, 82.3 ya tatu na 81.5 ya nne. Aliyeacha wiki ya pili ameondoka akiamini mazoezi yanamnenepesha. Wewe uliyebaki unaona mteremko umeanza.

Wastani ukiwa ule ule lakini kiuno kimepungua, endelea bila kubadili kitu, mwili unabadilishana mali ndani kwa ndani. Wastani na kiuno vikigoma vyote viwili, usikimbilie kuongeza mbio. Punguza kwanza sukari ya chai na mafuta ya kukaangia kwa wiki mbili, ratiba ya mazoezi ibaki vile vile, kisha linganisha tena. Ukibadili vyote kwa mpigo hutajua kilichofanya kazi.

Na ziko kilo zisizosubiri wiki ya 4. Uzito ukipanda kilo mbili au zaidi kwa siku chache huku miguu imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, au ukilala pumzi inakubana, hayo si maji ya mazoezi. Huenda ni moyo au figo. Vivyo hivyo uzito unaoporomoka wenyewe pamoja na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, hiyo inataka kipimo cha sukari. Mkojo mweusi wa rangi ya soda baada ya zoezi zito, misuli ikiwa imevimba na kuuma kupita kawaida, nao ni wa hospitali. Nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho jirani nawe siku hiyo hiyo, na daftari lako la uzito ulibebe, daktari atalihitaji.